Jogoo wa Mnada

Desemba ile nilitaka kufa. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani hii ni habari ya kuku tu, ingawa kuku yumo, tena na kelele zake.

Wenzangu wa kazini walikuwa wanafungasha kwenda makwao. Mimi mama alikuwa amefariki mwaka huo, na kupanda kwetu Meru nikakute jiko lake limepoa sikuweza. Nikabaki mjini, kwenye chumba changu cha kupanga Sekei, nikiwadanganya ndugu kwamba kazi imebana. Wazo la kufa lilikuja kila asubuhi bila kubisha hodi.

Jumapili kabla ya Krismasi nilijikokota kanisani. Baada ya ibada, kama kawaida yetu Walutheri, sadaka za mazao zikapigwa mnada nje: mayai, maboga, mkungu wa ndizi. Ilipofika zamu ya jogoo, nikiwa nyuma machozi yakanitoka, nikainua mkono kuyafuta.

"Dada wa nyuma kaongeza!" mzee wa kanisa akapaza sauti.

Nikapunga mikono yote miwili kukataa.

"Kaongeza tena!"

Watu wakapiga makofi. Nikalipa, nikakabidhiwa jogoo mwekundu mwenye sura ya mwenyekiti wa mtaa.

Alilala chini ya kitanda changu na kunyea viatu vyangu vya kazini. Lile wazo likija, nalo swali la kijinga linafuata: nikifa, huyu nani atampa pumba? Nilikasirika kweli. Yaani hata kufa kuku ananizuia!

Jumanne mama mwenye nyumba, Mwislamu wa Tanga, alinikuta uani namkimbiza jogoo na kiatu kimoja mguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo ndiye wa Krismasi?"

"Mchukue tu umfuge, mama. Mimi sitakuwepo."

"Unapanda kwenu?"

Nikashindwa kudanganya. "Mama, nataka kufa."

Hakunihubiria. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanishika mkono mpaka nikamaliza kulia. Kisha akavaa baibui akanipeleka hospitali, jogoo kambana kwapani, maana angemwacha angechakura mchicha wake wote.

"Mgonjwa ni yupi?" nesi akauliza.

Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nilipewa dawa, na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Siku mbaya bado zipo.

Krismasi nilikula pilau kwa mama mwenye nyumba, pilau ya ng'ombe. Jogoo alikuwa mlangoni anapiga kelele, mama akainuka na bakuli la pumba.

"Leo mpe wewe," nikamwambia. "Kesho nitampa mimi."