Mgongo Wangu Sebuleni kwa Baba Mkwe

Chekeni tu, mimi aibu nimeshaivaa hadi imechakaa, na afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa Anastazi, ambaye huongeza chumvi.

Mnajua mimi ni fundi cherehani pale Kimisagara, Kigali, na miaka ya kuinamia nguo za watu ilikuwa imenipinda mgongo mpaka mtu akiniona barabarani anadhani nimeangusha kitu. Sasa mwaka tisini na moja nikampenda Spesioza wa Kanombe, na baba yake, mtunza ghala wa uwanja wa ndege, mtu anayetaka hata pazia lining'inie sawasawa, aliniona mara moja kwa mbali akamwuliza binti yake kama yule kijana ni mgonjwa. Kwa hiyo ilipopangwa Jumapili ya kwenda kujitambulisha, nikaapa nitaingia kwao nimenyooka.

Nikaenda kwa Papa Kalonji, Mzaire anayewakanda wachezaji wa mpira mtaa wa pili. Akanibonyezabonyeza, akasema mifupa haina neno. "Ni ile ngozi nyeupe ya ndani, ile unaonaka juu ya nyama ya ng'ombe, ndiyo imekaza." Akanikanda wiki kadhaa, polepole, na kweli nikaanza kurefuka. Mara ya mwisho akataka nije Alhamisi ili mwili upumzike, lakini mimi kwa akili zangu nikasema hapana, nije Jumapili asubuhi, nifike Kanombe nimenyooka moja kwa moja (hapo ndipo nilipojichimbia kaburi). Alipomaliza akasema, "Leo usiiname, mutoto yangu. Rudia nyumbani, ulale."

Nikaitika, nikavaa koti, nikaondoka na Anastazi, rafiki yangu ambaye ndiye angenisemea. Koti lenyewe nilikuwa nimejishonea kwa vipimo vya mgongo uliopinda, kwa hiyo sasa lilikuwa refu nyuma na fupi mbele, na kifungo kilikataa katakata (fundi gani mimi!).

Tukafika Kanombe, mzee akatupokea sebuleni. Na kwetu huwezi kumsalimu mzee ukiwa umesimama kama mlingoti: unainama, unampa mkono wa kulia na wa kushoto umeushika ule wa kulia. Nikainama. Kitu kikakaza kiunoni, nikabaki hapohapo.

Mzee akafurahi. "Ni vizuri, inuka sasa." Sikuinuka. Akarudia. Shangazi wa Spesioza akasema yaani huyu kijana amelelewa, heshima kama hii haiko tena Kigali, na sifa zikaendelea mpaka Anastazi alipoona jasho langu likidondokea kiatu cha mzee. Akanivuta kwa nguvu aninyooshe, mshono wa koti ukaachia kuanzia kwenye kola mpaka chini, nami nikapiga ukelele uliowaleta majirani.

Wakanilaza kifudifudi kwenye mkeka katikati ya sebule, shati limepandishwa. Spesioza akasema kwa sauti ndogo kwamba mtaa mzima mtu akiumwa mgongo huletwa kwa mama yake. Wote wakamgeukia mama, kisha wakatazama pembeni. Maana mama mkwe hamgusi mkwe wake, hata kutazamana usoni ni shida, sembuse kumpaka mafuta mgongoni! Shangazi akalisema waziwazi: "Akimukanda, anakuwa mutoto wa hapa. Uchumba imekwisha."

Nikasema niacheni hivihivi, nitarudi Kimisagara nikitambaa, lakini mama asiniguse. Nilikuwa nalia, na sikulia kwa sababu ya kiuno. Nilimpenda yule binti.

Basi mama akainuka, akaenda nyuma ya pazia la korido, akasema kutoka kule, "Baba Spesioza, kunja mikono ya shati."

Mzee akachota samli, akapiga magoti, akaanza kunisukuma kama anapanga mizigo.

"Polepole! Hiyo si gunia!"

"Unajuaje, na hauoni?"

"Nasikia anavyolia. Shuka chini. Iko kama kamba hapo?"

"Iko."

"Bonyeza, usisugue. Ngoja ilegee."

Tukangoja, mimi, mzee na kidole gumba chake, mpaka ikaachia kidogokidogo, nikaweza kukaa. Mzee akajifuta mikono, akamgeukia Anastazi. "Na nyinyi mulikuja kusema nini?"

Anastazi alikuwa amekariri maneno ya ukoo na ng'ombe wiki nzima. Yote yakamtoka kichwani. "Tunaomba binti."

Mzee akaviangalia vidole vyake vinavyong'aa mafuta. "Huu mugongo inataka kukandwa kila jioni, na mimi sina hiyo nafasi. Mama atamufundisha Spesioza. Mukuje na wazee tupange."

Tukaoana. Nimeapa: siku ya jambo kubwa sikandwi, na mkandaji akisema lala, nalala. Spesioza naye alifundishwa vizuri sana, ila yeye hukanda kwa kiwiko, na siku tukigombana ndipo hunikumbusha mapema kwamba jioni imefika.