Siku Mbunge Alipoahidi Kulala Kibumba

Tulikuwa tumekaa mtaa wa Katoyi, mjini, karibu mwaka mzima, watu saba katika chumba cha mbao kilichojengwa juu ya mawe ya volkano, mbunge alipokuja kutuambia turudi nyumbani. Kwetu ni Kibumba, kijiji tulichokimbia kwa sababu ya vita. Baba alikuwa mkulima wa viazi na kabeji, na mjini hakupata kazi nyingine ila kubeba mizigo sokoni.

Mbunge alisimama katika uwanja wa shule, mbele ya wakimbizi wote wa mtaa. Alisema vita imekwisha na barabara ni salama. Watu wakapiga makofi. Baba aliinua mkono.

"Muheshimiwa, siku tutarudi, wewe utalala wapi?"

"Nitalala Kibumba pamoja na nyinyi, papa."

Makofi yakazidi.

Juma lililofuata tulipanda lori pamoja na jirani yetu, mkewe na watoto wao wawili. Shamba lao lilipakana na letu, na hata Katoyi tulikuwa tunapikia jiko moja. Tulipofika, mbunge alikuwa ametangulia. Juu ya gari lake kulikuwa na godoro lililofungwa kamba, bado limo ndani ya plastiki ya dukani. Alishika jembe, akachimba viazi vichache, akapigwa picha. Wapiga picha walipomaliza, nilimwona baba analitazama lile godoro. Hakuna aliyelishusha. Dereva alikuwa ndani ya gari, injini inanguruma.

Baba akamwendea mama, ambaye alikuwa ameanza kufagia nyumba yetu isiyo na paa.

"Usitoe vyombo," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Sababu gani? Nimechoka na Katoyi. Batoto wanakohoa kila siku."

"Ule mutu hatalala hapa."

"Wewe unashuku kila mutu, hata padri."

"Basi tungoje kidogo."

Hatukungoja sana. Mbunge aliaga, akasema ana mkutano mjini na kesho atarudi. Baba akatupandisha kwenye lori lilelile. Mama alilia njia nzima, amemkasirikia baba kuliko mbunge. Jirani alitupungia mkono kutoka shambani. Nadhani alifikiri tumesahau kitu mjini.

Siku ya tatu risasi zikaanza Kibumba. Jirani alifika Katoyi kwa miguu na watoto wake. Mkewe alipigwa risasi wakikimbia, wakamzika kando ya barabara.

Baba alikaa mbele ya jirani bila kumtazama usoni.

"Niliona ile godoro, nikajua anatudanganya," akasema. "Niliambia bibi yangu peke yake. Wewe sikukuambia."

"Na mimi niliiona," jirani akajibu. "Nilifikiri wataishusha baadaye."

Wakati wa kampeni mbunge alirudi Katoyi. Safari hii baba hakuuliza swali. Alisimama akasimulia kifo cha mke wa jirani mbele ya watu wote, kisha akakaa.

"Niliambiwa kule kumetulia," mbunge akasema. "Nikaamini, sababu nilitaka kuamini. Lakini nilisema nitalala, na sikulala. Ile kosa ni yangu."

Baada ya mkutano alikwenda kwa jirani peke yake, bila wapiga picha, akakaa naye kwenye benchi karibu saa nzima. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliona machozi ya mbunge, nikayaamini. Mama pia aliyaamini.

"Analia sababu kura ni juma kesho," baba akasema.

Jirani alimpigia kura. Baba hakumpigia, na kwa muda fulani wawili hao hawakuzungumza. Mbunge alishinda. Mpaka leo sijui nani kati yao alimwelewa vizuri zaidi.

Habari za amani zilipotufikia tena, zililetwa na watu wa serikali. Baba hakwenda kuwasikiliza. Alimfuata jirani, wakaondoka kwa miguu kwenda Kibumba kujionea wenyewe. Walirudi baada ya siku nne, miguu imevimba. Baba akawaita wakimbizi wote wa mtaa.

"Maji iko," akawaambia. "Shule imeungua. Tumeona askari wengi, na hatujui ni wa nani. Mimi sirudi bado. Kila mutu aamue mwenyewe."

Wakamuuliza maswali, mmoja baada ya mwingine, mpaka mvua ikaanza kunyesha.