Binti Aliyetuongoza Gwaride

Mwezi uliopita nilirudi Mpanda kwa msiba. Nikapita uwanjani, nikakuta watoto wanafundishwa gwaride. "Mguu pande! Mguu sawa!" Badala ya kutabasamu, damu ilinichemka. Ngoja nikueleze, rafiki yangu.

Miaka ya tisini, nikiwa msichana wa mtaa wa Majengo, hapo hapo Mpanda, tulikuwa na kikosi cha vijana wa kujitolea, tukifundishwa na afande mmoja mstaafu wa jeshi. Hakuna aliyetulazimisha. Kila Jumamosi, nikishachota maji na kufua, nilikimbilia mazoezini na bunduki yangu ya mti. Bibi alinifungia mihogo ya kuchemsha na kipande cha samaki wa kukaanga, mgebuka, nikala na kiongozi wetu. Kiongozi alikuwa msichana, binti wa wafugaji waliohamia kijiji cha Litapunga na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Akipiga kelele "Nyuma geuka!", hata mbuzi wa jirani walishtuka. Afande alikuwa akisema, "Amri haitoki mdomoni, inatoka tumboni."

Ikaja sikukuu, na mgeni mkubwa wa serikali. Tumeshajipanga, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, mara mkubwa mmoja wa wilaya akatokea na mwanawe, kijana ambaye mazoezini alikuwa haonekani.

"Huyu ndiye ataongoza," akamwambia afande. "Mgeni hawezi kupokelewa na mtoto wa wachunga ng'ombe, tena peku."

Afande akamgeukia binti. "Mwanangu, rudi nyuma."

Binti akavua mkanda mweupe, akamkabidhi kijana, akasimama kando yangu.

"Mbele tembea!" kijana akaita.

Hatukutembea. Hatukuwa tumepatana, miguu tu ilikataa. Akaita tena. Jukwaani watu wakaanza kunong'ona.

"Nyie, tembeeni," binti akasema kwa sauti ya chini. "Watamwonea afande."

Tukatembea kwa ajili yake, ovyo kama ng'ombe waliotishwa.

Wakubwa wa wilaya walimfukuza afande hata hivyo, na kikosi kikavunjwa. Binti hakuja mjini tena. Msimu ule ule wa mavuno baba yake akamwoza.

Safari hii nilikwenda Litapunga kumuulizia binti. Familia ilishahama na mifugo yao kuelekea ziwani, na hakuna aliyejua mumewe ni nani. Ndugu zangu wananiambia niachane nayo, ni mambo ya utoto.

Siachani nayo. Yule mkubwa wa wilaya aliyetuvunjia kikosi alizeeka vizuri, akiitwa mheshimiwa.