Kondoo Aliyeahidiwa Babu

Nilipokuwa mtoto kazi yangu ya jioni ilikuwa kupepeta uwele, na siku hiyo nilikuwa na ungo mapajani wakati jirani yetu mmoja alipopita na kuni kichwani. Alisema, bila hata kusimama, kwamba bibi kamfunga kondoo wetu mweusi kaburini kwa babu. Mama aliacha kukoroga uji wa Neema. Baba alikuwa ndani akiandaa mahubiri ya Jumapili.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kujaa mnadani na dispensari ikaanza kudai hela. Mdogo wangu Neema alikuwa na homa iliyomwacha na kumrudia. Bibi aliijua sababu. Babu alipozikwa, baba, kwa kuwa ni mwinjilisti, alikataa tambiko. Alisimama mbali, kitabu chake cha nyimbo mkononi, huku ndugu zake wakimwaga pombe kaburini. Kwa bibi hilo lilikuwa kosa, na kosa la namna hiyo hulipwa kwa damu ya kondoo mweusi tii asiye na doa.

Baba aliposikia alitoka, nami nikamfuata hadi ng'ambo ya korongo, kwenye tembe la zamani la babu. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kaburi, kamba mkononi, akiwasubiri wazee waje kuchinja. Tulimwamkia, akaitikia. Kisha baba akaeleza aliyozoea kueleza kanisani, kwamba damu ya Yesu ilimwagika mara moja ikatosha.

Bibi hakujua kusoma, lakini kila Jumapili alimsikiliza mwanawe bila kusinzia. Akauliza, Musa je? Si yeye aliyeagiza wachinjwe kondoo, mbuzi, hata njiwa? Baba akajibu kwamba baadaye manabii walisema Mungu hataki damu za wanyama, anataka huruma.

"Basi huyo wako alibadili neno," bibi akasema. "Huyu mzee hapa chini hajaniambia kama amebadili."

Baba akaichukua kamba. Bibi hakumzuia.

"Kondoo huyo ameshatajwa kwa mzee. Ukimrudisha, jioni uhesabu watu wako."

Baba alimrudisha kondoo zizini, nami nikarudi na maneno hayo, nikakaa mkekani karibu na Neema nikimtazama anavyopumua. Nimeshalea watoto wanne sasa, na homa ya mtoto bado hunirudisha kwenye mkeka ule.

Giza lilipoanza kuingia mama akasonga ugali, akapakua na mlenda. Akahesabu kama kila siku: baba, kaka yangu Yona, mimi, na Neema, ambaye alikuwa ameinuka na kuomba chakula. Akabaki amesimama na mwiko.

"Hatujatimia," akasema. "Mama hayupo."

Bibi alikula kwetu siku zote. Baba akasema atakuja tu. Mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, akamkumbusha mahubiri yake mwenyewe: mtu akifika madhabahuni na sadaka, akakumbuka ana ugomvi na ndugu yake, aiache sadaka, aende kwanza wakapatane.

"Ulisema ndugu," akamalizia. "Nadhani na mama yumo."

Baba akanawa mikono ambayo haikuwa imegusa chakula, akatoka.

Waliporudi bibi alikuwa mbele, baba nyuma amembebea kigoda. Mlangoni baba akasema, "Nilikuaibisha siku ile ya mazishi, mama."

"Pombe wangemwaga wenzako," bibi akajibu. "Mimi nilitaka usimame karibu."

Kesho yake Neema alipelekwa dispensari, akapona. Bibi alisema mzee ameridhika, baba akamshukuru Mungu, mama akasema ni vidonge. Kondoo alibaki zizini. Sasa nina nyumba yangu hapa mjini, Makole, na sijapata nafasi ya kuamua nani kati yao alikuwa sahihi. Najua tu kwamba bibi hakukosea: mtu alikosekana kweli. Nikipakua chakula nikaona kuna asiyekuja, huanza kwa kuuliza nani kamkosea.

Jioni ile mama alimsogezea bibi maji ya kunawa, akatuhesabu upya, akaweka mwiko chini.

"Tumetimia. Kuleni."