Saa ya Dhahabu Isiyowahi Kubonyezwa

Juzi, kwa fundi saa wa Mchangani, nilimkuta karani mstaafu anayekusanya saa kongwe za dhahabu, zile zenye vifungo ubavuni vya kuhesabia sekunde. Alikuwa akimwonyesha fundi ile iliyo adimu kuliko zote, ameiviringishia pamba, na akaapa kuwa hajapata kuibonyeza.

"Nnachelea kuichakaza," alisema.

Bi mmoja, aliyekuja kuchukua saa ya dhahabu aliyoachiwa na marehemu mumewe baharia, akacheka.

"Mie yangu naibonyeza kila asubuhi, nkichemsha mayai ya wajukuu. Hebu nipe, kaka yangu."

Mzee alisita, kisha akampa kwa mikono miwili. Bi akabonyeza. Mshale mwembamba ukaruka, ukaanza kukimbia. Sote tukainamia meza. Mzee akashika kofia yake, akaangua kicheko.

"Kumbe inakwenda! Miaka kumi na miwili nnayo!"

Jana nimempita Michenzani, kasimama juani akipima kwa saa yake winchi inachukua sekunde ngapi kupandisha ukuta mmoja mzima wa zege wa majumba mapya. Nilipomwamkia alininyooshea kiganja ninyamaze, asipoteze hesabu.

Miaka kumi na miwili alikuwa nayo, wasomaji. Mimi nasema kaipata juzi.