Mikwaruzo Ndani ya Upatu

Pale kijijini Karangbesi, mtu akitaka kusifia masikio ya mwenzake husema, "Huyu ana sikio la Pak Wignyo." Akitaka kumtukana husema, "Huyu ana sikio la Ponidi." Misemo yote miwili aliitunga Pak Wignyo mwenyewe (Pak kwetu ni kama kusema mzee), miaka kumi na tano iliyopita, siku aliyomkuta Ponidi, mhunzi mwenzake karakanani, akikwangua upatu kama mtu anayetoa ukoko kwenye sufuria. "Hiyo ni shaba, bwana, si ukoko," alimwambia mbele ya karakana nzima, na karakana ikacheka hadi mvuta mvukuto akasahau moto. Pak Wignyo aliipenda sana misemo hiyo. Sasa kila akiisikia anageuza mazungumzo. Yaani, akiisikia. Hapo ndipo penye shida.

Nyenje waliingia kwenye sikio la kulia mwaka juzi, mwezi wa Suro, yaani Muharamu. Alidhani ni nyenje wa kweli. Alitoka nje na fagio akaupiga mrambutani wa uani mpaka majani yakamwagika, mkewe, Bu Sarinten, amesimama mlangoni anamtazama tu. Mti ulikuwa kimya tangu mwanzo. Nyenje waliendelea. Wiki ya tatu wakahamia na sikio la kushoto, wao na ukoo wao mzima, na hawajawahi kuhama tena. Nyuma ya kelele zao, dunia ikaanza kupungua kidogo kidogo. Kwanza ilipotea mvua nyepesi juu ya bati. Halafu yakapotea majibu ya watu waliompa mgongo. Halafu honi za pikipiki, na hapo akaanza kutembea kando ya njia huku akigeuka nyuma kila hatua tano, kama mwizi wa kuku.

Fundi seremala akiwa hasikii, meza yake itasimama tu. Pak Wignyo hakuwa seremala. Alikuwa mlinganishaji wa sauti katika karakana ya patu, patu za kupiga kwenye gamelani, bendi yetu ya ala za shaba, si ule upatu wa akina mama wa kuchangishana. Wahunzi wanne huipiga shaba ikiwa nyekundu, ndani ya giza ili rangi ya moto isidanganye, na kelele ya zile nyundo ndiyo iliyomla masikio miaka thelathini. Ikishapoa huletwa kwake. Yeye hukaa na tupa na kuikwangua kwa ndani: karibu na kitovu sauti inashuka, kuelekea ukingoni inapanda. Anakwangua, anapiga, anasikiliza, anakwangua tena. Shaba ikishatoka haiungiki. Kinyozi akikosea, nywele huota. Yeye akikosea, kazi ya watu sita inarudi kwenye moto kuyeyushwa.

Kwa hiyo alijifunza ujanja. Alibana mpini wa nyundo kwa meno na ncha yake akaigusisha kwenye shaba, sauti ipande kupitia taya. Aliweka viganja mgongoni mwa upatu akahesabu mtetemo. Kwenye dua za majirani alikaa ukutani, na wenzake wakicheka alicheka, nusu sekunde baadaye, mpaka siku moja akacheka peke yake wakati imamu anataja jina la marehemu. Watu walitazama mikeka. Watu wa Karangbesi hawamwambii mtu mzima jambo la kumwaibisha, hata kama nywele zake zinawaka moto. Watamletea maji na kumuuliza kama amekunywa chai.

Alikwenda hata kwa daktari, mjini Solo. Kwa mkewe alisema anakwenda kununua tupa. Walimfungia kwenye kijichumba chenye kioo, wakamvisha visikilizio, wakampa kitufe: akisikia mlio, abonyeze. Pak Wignyo alikaa mle jasho linamtoka, nyenje wanaimba, na akatambua kwamba huu ni mtihani wa kusikiliza, na yeye, Wignyo, anafeli. Hakuvumilia. Akaanza kubahatisha. Alimwangalia daktari kupitia kioo. Kila bega la daktari likitikisika, anabonyeza.

Daktari alitoka na karatasi yake, amekunja uso. Alimsogelea akasema polepole, "Pak, kwa karatasi hii unasikia kama popo. Lakini nimekuita mara tatu pale mlangoni hukugeuka."

"Nilikuwa nawaza," alisema Pak Wignyo.

Daktari alimwambia kilichokufa ndani ya sikio ni kama mpunga uliokanyagwa, hausimami tena, ila kuna vifaa vya kumsaidia kusikia kilichobaki. Pak Wignyo alishukuru sana, akaenda akanunua tupa.

Yote haya aliyaweza kwa sababu kazi yake haikuharibika. Hilo ndilo lililomshikilia. Wanunuzi walikuja, walipiga, walitabasamu, waliondoka na patu zao. Kwa hiyo viganja vinatosha, alijiambia. Meno yanatosha.

Alijiambia hivyo mpaka Jumanne moja mchana. Wenzake walikuwa wamekwenda kula mboga za mchuzi wa karanga pale kibandani kwa jirani, mahali alipokwisha acha kukanyaga maana pale watu huongea sita kwa pamoja na yeye anabaki kutazama midomo kama samaki. Alibaki karakanani na tempe yake, vipande vya soya vya kukaanga. Kwenye rafu kulikuwa na upatu mdogo alioumaliza wiki iliyopita, unasubiri mwenyewe. Aliuchukua tu kwa mapenzi, akapitisha vidole kwa ndani.

Vidole vikasimama.

Pak Wignyo hutumia mkono wa kushoto. Mikwaruzo yake yote hulala upande mmoja, kama mvua ya upepo. Juu ya mikwaruzo yake kulikuwa na mingine, imelala upande wa pili, na kila mmoja uliishia kwa kijipinda kidogo, kama wa mtu anayetoa ukoko kwenye sufuria.

Alishusha upatu wa pili. Vivyo hivyo. Wa tatu, wa nne. Rafu nzima. Miaka miwili watu walimwambia, "Imekaa sawasawa, Pak," na yeye akavimba kichwa. Sasa alikaa katikati ya karakana na hakujua ni neno gani, kati ya yote aliyoambiwa miaka hiyo miwili, lilikuwa la kweli. Na hofu iliyokuja baada ya hiyo ilikuwa na tarehe: Jumamosi.

Jumamosi angekuja Pak Sanwirya, mteja wa siku nyingi, kuchukua upatu mkubwa, wa kwanza tangu nyenje waingie. Kwa desturi ya karakana ile, upatu mkubwa hulinganishwa mara ya mwisho mbele ya mnunuzi, maua na kahawa nyeusi vimewekwa chini yake, kisha mnunuzi ndiye anayeupa jina. Hakuna nafasi ya mtu kuja baadaye kurekebisha. Tena Pak Sanwirya alikuwa mtu wa Banyumas, na Wabanyumasi, tofauti na sisi, mboga ikizidi chumvi wanasema imezidi chumvi, mbele ya mpishi, na sahani wanairudisha.

Siku nne Pak Wignyo alimtazama Ponidi bila kusema. Ponidi naye, mtu wa miaka arobaini na mitano mwenye mabega ya nyati, aliendelea kumwita Pak na kumwekea kahawa upande wa kushoto, ule wenye uzima kidogo. Sasa hata kikombe kile kilimtisha. Kumbe hata kahawa ilikuwa inajua.

Jumamosi ikafika. Upatu ulining'inia kwenye kamba zake, mweusi, mpana kuliko mkono wa mtu mzima ulionyooshwa. Pak Sanwirya, mzee mfupi mwenye kofia nyeusi, alifungua kitambaa cha batiki akatoa kipande cha shaba cha gamelani yake ya zamani, wapate sauti ya kufuata. Alikigonga. Pak Wignyo aliona mkono ukigonga. Nyenje tu.

"Haya, na wenyewe tuusikie," alisema Pak Sanwirya.

Ponidi akaupiga. Upatu mkubwa haulii ukanyamaza. Unapumua: sauti inavimba, inanywea, inavimba tena, na hayo tunayaita mawimbi. Pak Wignyo aliyapata kifuani, mbali, kama lori linalopita kijiji cha pili.

"Uko juu," alisema Pak Sanwirya. "Na mawimbi yana haraka. Upatu gani huu unaohema kama umekimbizwa na mbwa?"

Wahunzi wote walitazama vidole vya miguu yao.

Pak Wignyo aliinama ndani ya upatu, tupa mkononi. Alikwangua mara moja. Mkono ulikuwa unatetemeka, na akiwa na mkono unaotetemeka hata viganja vyake havikumwambia kitu. Hakujua kama ni shaba inayotikisika au ni yeye. Akainua macho, na hapo akaona kidole cha Ponidi. Kilikuwa juu ya paja, kinapanda na kushuka taratibu, kinahesabu mawimbi. Kinapanda haraka: bado. Kinapanda polepole: unakaribia.

Akakielewa mara moja. Akakwangua huku anakitazama. Upatu ukapigwa, kidole kikapungua mwendo.

"Unashuka," alisema Pak Sanwirya. "Endelea."

Ingewezekana kumaliza hivyo. Mikwaruzo kumi zaidi, mzee aende zake na upatu wake, na kesho kila mtu aamke na heshima yake. Pak Wignyo alikuwa tayari kabisa, tusimpambe.

"Lakini unayumba," alisema Pak Sanwirya. "Wewe mwenye mabega, hebu ushike huku. Mikono yote miwili."

Ponidi alisita. Alimtazama Pak Wignyo, akautazama upatu, kisha akaushika. Kidole kikapotea nyuma ya shaba.

Pak Wignyo alibaki ameinama mle ndani na nyenje wake. Aliweka tupa karibu na kitovu. Aliiondoa. Aliiweka tena. Mkwaruzo mmoja mahali pasipofaa, upatu huu unakuwa sinia la kuanikia mihogo. Alipiga kidogo kwa ngumi. Hakuna kitu. Alisubiri mtu aseme neno, na kwa mara ya kwanza alitamani watu wa kwao wangekuwa na ulimi mbaya. Jasho lilimtiririka hadi kwenye tupa.

Akatoka, akainyoosha ile tupa kwa Ponidi.

"Shika."

Ponidi aliusogeza mdomo mbele ya uso wa Pak Wignyo, kama alivyozoea, ili midomo isomeke. "Mimi, Pak? Mimi sijui kitu. Mimi nina sikio la Ponidi."

"Nimeona rafu."

Ponidi akawa mwekundu mpaka shingoni. "Yale ni panya, Pak."

"Panya anayemalizia na kijipinda? Shika, bwana, kabla sijauharibu."

Pak Sanwirya aliwaangalia mmoja mmoja. Halafu akauliza lile ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalizunguka miaka miwili, na akaliuliza kama mtu anayeuliza saa. "Kwani husikii, Pak?"

Mtu mmoja alianza kupanga nyundo zilizokwisha pangwa.

"Sisikii," alisema Pak Wignyo. Lilikuwa neno dogo.

"Tangu lini?"

"Waulize hawa. Wao ndio wenye tarehe."

"Basi mimi nanunua upatu kwa nani?"

"Kwa huyu. Umekuwa ukinunua kwa huyu miaka miwili sasa, wewe na mtaa wako wote." Alimkabidhi Ponidi tupa, akazunguka nyuma, akaweka viganja viwili kwenye mgongo wa shaba. Hakuwa na mahali pengine pa kuvipeleka.

Ponidi alikwangua, akapiga, akasikiliza. Akakwangua, akapiga. Pak Wignyo alifumba macho. Taratibu viganja vilitulia, na mawimbi yakaanza kupita ndani yake, moja, jingine, jingine, kila moja likimsubiri mwenzake. Lilipofika la nane bila kuteleza alisema, "Acha hapo." Ponidi alikwisha acha.

Pak Sanwirya aliupiga mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho, muda mrefu kiasi cha mtu kufunga kanzu vifungo vyote. "Nauchukua," alisema. Kisha akamgeukia Ponidi. "Mkono wako mzuri. Ila unakwangua vibaya, kama unatoa ukoko."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Pak Wignyo, na safari hii alicheka kwa wakati wake.

Walipomaliza kuupakia alimshika Ponidi kiwiko. "Ulirekebisha ngapi?"

Ponidi aliinama akajibu kuelekea chini. Kisha akakumbuka, akainua uso, akarudia mdomo wazi. "Zote, Pak. Tangu Suro ya mwaka juzi."

Pak Wignyo alirudi nyumbani jua bado kali, akigeuka nyuma kila hatua tano. Sasa hakuwa akiogopa pikipiki tu. Alimkuta Bu Sarinten jikoni anakata tempe. Akavuta kigoda akakaa mbele yake, uso kwa uso, mahali anapoweza kuiona midomo.

"Mama, karakanani wamekuwa wakinirekebishia. Na hapa nyumbani je? Wewe umekuwa ukinirekebishia nini?"

Bu Sarinten aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye kanga yake, akainua kidole gumba, akaanza kuhesabu, polepole, akitamka kila neno kwa mdomo mpana ili asikose hata moja. Pak Wignyo aliyafuata yote huku nyenje wakipiga kelele. Vidole vya mkono wa kwanza vikaisha. Bu Sarinten akavuta pumzi, akainua mkono wa pili.