Bibi wa Kizibao cha Njano

Nina ubovu mmoja, na naujua: napenda orodha. Mtu akinambia ana shida, kabla sijampa pole nshatafuta kalamu. Ndiyo maana ofisini kwetu, kila masika yakizidi na nyumba za watu kuingia maji, hupelekwa mimi. Mwaka ule maji yaliingia mabondeni Jang'ombe, yakaangusha nyumba, nami nikapelekwa kwenye skuli iliyogeuzwa kambi, niratibu misaada ya serikali kwa walioathirika.

Kuratibu, kama hujui, ni kugombana kwa adabu. Vyandarua vililetwa na ofisi moja. Misumari ya kuvitundikia ilikuwa kwa ofisi nyingine, na nyundo hakuna aliyekiri kuwa ni yake. Sabuni zilifika mapema, makatoni kwa makatoni, siku ambayo bomba la skuli lilikuwa halitoi hata tone. Nikapiga simu kulalamika, nikajibiwa: "Maji si yetu. Sisi wa sabuni." Nilikata simu nikasema maneno ambayo siyaandiki hapa, maana mama yangu yu hai na anasoma.

Nilikuwa na madaftari mawili, la waathirika na la wanaosaidia. Wa daftari la pili nikiwapa kizibao cha njano, wajulikane.

Siku ya mwanzo, karibu na adhuhuri, likaingia sufuria. Nasema sufuria kwa sababu ndilo nililoliona kwanza: lile kubwa la harusini, limefunikwa sinia, limepakiwa kwenye gari la kusukuma kwa mkono. Nyuma yake akaja bibi mmoja mfupi, kanga mbili, shingo juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watu wako washakula?"

"Bado."

"Sasa umekaa unaandika nini?"

Nikampa kizibao. Akakitazama mbele na nyuma, akakivaa juu ya kanga, akaanza kupakua. Nikamwandika kwenye daftari la pili: mpishi, wa kujitolea. Sikumuuliza kwake wapi wala anaishi na nani. Kwani kwetu nani huja na shida zake kabeba wali? Mwenye shida huja mikono mitupu, mwenye sufuria kaja kusaidia. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikala sahani mbili, na juu yake nikathubutu kusema: "Wali mtamu, bibi, ila mchele wake unanuka unyevu kidogo."

"Umepigwa na mvua," akasema. "Kula, usiubakishe."

Kwa siku tatu bibi yule akawa ndiye serikali. Sheha wa pale, kiongozi wa mtaa, mtu mzima mwenye mhuri wake mfukoni, alikuwa akiitwa "Wewe!" naye anaitika "Naam" mbio mbio. Wanaonyonyesha bibi aliwapanga mbele, na wenye sauti kubwa akawapeleka nyuma. Misumari aliipata, nyundo aliipata, nami sikuuliza vipi. Mkuu wangu alipokuja kukagua, aliona kile kizibao na ile shingo, akanipita mimi na madaftari yangu, akenda kumpa mkono yeye.

"Hali za waathirika zikoje, bibi?"

"Wazima, alhamdulillahi. Lakini sabuni zote hizi na maji hakuna, mnatuona sisi wachafu au vipi?"

Mkuu akainamisha kichwa. Haikupita saa, gari la maji likaingia. Mimi nilikuwa nshaliandikia barua tatu.

Hata ufunguo wa stoo ya magodoro aliuchukua. "Mali ya serikali inataka mtu wa kulala nayo," alisema. Nikafurahi, nikajiambia bado wapo watu wenye uchungu na mali ya umma.

Siku ya nne ilikuwa ya kufunga orodha. Alasiri ingesomwa mbele ya watu, mwenye pingamizi aseme, kisha ipelekwe, na ikishapelekwa haifunguliwi tena. Aliyemo atapata mabati na saruji. Asiyekuwemo aombe dua mvua ikatike. Asubuhi tukazunguka mimi na sheha kuhakiki nyumba na majina. Mwisho wa uchochoro tukafika kwenye nyumba moja, ukuta wa nyuma umelala chini, paa limeingia ndani. Mlangoni limeanikwa gunia tupu la mchele. Uani mna mafiga makubwa makubwa, ya kupikia watu wengi.

"Hii ya nani? Daftarini kwangu haina jina."

Sheha akanikodolea macho. "Unanifanyia mzaha? Si ya mratibu wako huyo!"

"Mratibu gani?"

"Bibi wa kizibao. Mpishi wetu wa harusi. Mjane, hana mtoto hapa mjini."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Ala! Kizibao si umemvisha wewe mwenyewe? Mimi nikajua mshasemezana."

Nikalitazama lile gunia. Mchele uliopigwa na mvua! Wali wa mwisho wa nyumba ile niliula mimi, sahani mbili, na nikautia kasoro. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

Nilirudi skuli, nikaingia stoo. Magodoro yamepangwa hadi darini, nailoni zake hazijaguswa. Chini, sakafuni, umetandikwa mkeka mmoja na kanga iliyokunjwa ikawa mto. Siku zote zile alikuwa akilala pembeni ya magodoro. Nikapandwa na hasira, kwani mimi nikikosea hukasirika, nikamfuata mekoni.

"Bibi, mbona hukunambia nyumba yako imeanguka?"

"Sema polepole."

"Mficha uchi hazai, bibi!"

"Mimi umri wa kuzaa nshaupita." Akaendelea kukoroga. "Mwanangu, mtaa huu wote nimewapikia mimi. Harusi zao, hitima zao. Leo nisomwe kwenye spika, fulani binti fulani, hana pa kulala? Funika kombe mwanaharamu apite."

Nikajaribu uongo. "Basi tusaidie jambo. Serikali ina mabati, haina ghala. Utuwekee kwako. Ila yasije yakaibwa, tutayapigilia misumari huko juu."

Mabega yakamtikisika kwa kicheko. "Uongo wako hauna chumvi," akasema. Kisha mwiko ukasimama. "Mvua nyingine ikija, ukuta wa mbele nao utakwenda. Najua. Basi niandike. Lakini jina langu nisilisikie."

Nikaandika pale pale, kabla hajageuza moyo. Halafu nikampigia mkuu, nikamuomba jina moja, moja tu, lisisomwe. Akanambia jina lisilosomwa halipelekwi, hata lingekuwa lake yeye. Na sheria ile, Mungu anisamehe, niliiandika mimi.

Alasiri watu wakakaa uwanjani, nami nikasimama mbele na spika. Bibi alikuwa kule kule mekoni, katugeuzia mgongo, kizibao kingali mwilini. Nikasoma majina, watu wakipiga soga kama kawaida, wengine wakisahihisha majina ya baba zao. Lake nililiweka mwisho, na muda wote nilikuwa nikiomba betri ife. Betri zetu hufa kila siku. Ile ya leo ikawa nzima kabisa.

Nikafungua mdomo. Sheha akakohoa. Nikamtazama vibaya, akakohoa tena, kikohozi cha makusudi, mkono kifuani. Kina mama wa mstari wa mbele wakampokea. Wazee wa ukutani wakafuata, halafu uwanja mzima ukawa unakohoa, wanawake kwa wanaume, wengine wamefumba macho kwa bidii. Katikati ya kikohozi hicho nililisoma jina lake lote, la baba na la babu, kwa sauti kubwa kama sheria inavyotaka, na mimi mwenyewe sikulisikia. Kumbe walikuwa wakijua wote, nyumba yake na haya yake, tangu lile sufuria lilipoingia. Asiyejua alikuwa mwenye madaftari.

"Kuna mwenye pingamizi?" nikauliza.

Vifua vyote vimepona.

Bibi hakugeuka. Alifunua sufuria la chai, akaonja kwa mwiko. "Kifua hicho kimewakamata nyote kwa pamoja?" akasema. "Haya, nakutilieni tangawizi."

Akatia, wala hakupimia. Tuliinywa chai ile machozi yakitutoka, na hakuna aliyemuuliza mwenzake analia nini.